Albina wa Watu Sita

Kwa desturi ya nyumba ya Mzee Amiri pale Naipingo, mgeni wa harusi hali mpaka aitwe kwa jina. Si kwamba wana maringo. Zamani, kwenye harusi ya shangazi yake Amiri, watu ambao hakuna aliyewajua walivamia majamvi mapema wakamaliza nyama, na wakwe waliotoka mbali wakabaki kuambulia mchuzi. Aibu ile haikusahaulika. Tangu hapo, ndoa ikishafungwa na koo mbili zikikutana kutambulishana, husimama mtu akaita ukoo mmoja mmoja, jina kwa jina, na kila aliyeitwa huenda kukaa kwenye sinia la kwao. Ambaye hajaitwa anajua mwenyewe kwamba amekuja kuangalia tu.

Safari hii aliyeolewa ni Samia, binti mkubwa wa Amiri, na mwoaji ni Harithi, kijana wa Mandawa, upande wa Ruangwa. Kazi ya kuandaa majina alipewa Raudha, mdogo wake Samia. Raudha alikuwa amemaliza stashahada ya kompyuta Mtwara mwaka uliopita, akarudi nyumbani na kompyuta ya mtumba yenye betri ya kudeka, na tangu arudi alikuwa anatafuta nafasi ya kuonyesha kwamba hakwenda chuoni kunenepa. Ofisi za Nachingwea mjini alizozizungukia zote zilitaka mtu mwenye uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa gengeni. Kwa hiyo alipoambiwa aandike majina ya wageni, alikataa kuyaandika kwenye karatasi kama walivyofanya waliomtangulia. Aliamua kuandika programu.

"Programu ya nini tena?" aliuliza mama yake, Biasha, huku anapeta mchele.

"Ya masinia, mama. Naiingizia koo na watu wake. Yenyewe inagawa watu sita kwa kila sinia, inatoa majina kwa mpangilio, na inawaambia wapishi wapakue masinia mangapi."

"Hayo bibi yako alikuwa anayafanya kwa kichwa."

"Na bibi akausahau ukoo mzima wa Mzee Ildefonsi."

"Hakuwasahau," alisema Biasha, akapuliza pumba. "Wale waliachwa makusudi."

Raudha alimgeuzia mama yake kioo cha kompyuta. Python, lugha aliyoandikia, ina kitu ambacho walimu huita kamusi. Upande wa kushoto unaweka jina la kufungulia, na hapa Raudha aliweka jina la ukoo. Upande wa kulia unaweka kile kinachopatikana ukifungua, naye alitaka pawe na orodha ya watu wa ukoo huo. Juu kabisa aliandika alama ya aina, yaani tamko linalosema kwenye kamusi hii kila jina la ukoo ni neno na kila kilichomo ni orodha ya maneno:

`wageni: dict[str, list[str]]`

"Mstari huu ndio unaonipendeza," alisema. "Nimeshatangaza sheria. Kila ukoo, orodha yake."

"Na asiyefuata sheria?"

"Hawezi kupita."

Hapo msichana alisema asichokijua. Mwalimu wake aliwahi kulieleza jambo hilo darasani, taratibu kabisa, kwamba Python inapofanya kazi haizijali alama hizo. Zimewekwa kwa ajili ya msomaji, na kwa ajili ya zana za kukagua zinazomwonya mwandishi mapema. Lakini siku hiyo Raudha alikuwa amekaa nyuma karibu na swichi, anachaji simu.

Majina ya upande wa bwana harusi waliyapata kwa Rahimu, baba mdogo wa Harithi. Rahimu alikuwa mtu wa sauti kubwa, na hakuwa na habari kwamba simu nayo inaweza kusikia. Aliyataja majina ya watu wake huku Biasha ameishika simu mbali na sikio na Raudha anabonyeza vibonye. Alianza na yeye, akaja mkewe Hadija, wakaja Somoe na wanawe, kisha binamu na wana wa binamu, na Harithi mwenyewe akatajwa katikati kama mtu aliyekumbukwa njiani.

"Wamekwisha?" aliuliza Raudha.

"Wamekwisha. Ah, na yule Albina."

"Albina na nani?"

"Albina tu. Yule mlezi. Yuko peke yake."

Mlezi huyo alikuwa mwanamke wa Kimakonde, Mkristo, ambaye wazazi wake walitoka Msumbiji wakalima Mandawa mpaka wakazikwa huko. Mama yake Harithi alipofariki, na baba yake akafuata kabla machozi hayajakauka, ndugu walikaa kikao kirefu juu ya nani amchukue mtoto. Wakiwa bado wanajadiliana, Albina wa nyumba ya jirani alikuja kumchukua aende akale. Hakumrudisha, na hakuna aliyemfuata. Mpaka leo kijiji kizima kinamwita Albina, jina lake la kuzaliwa, wakati wenzake wote waliolea wanaitwa mama fulani.

Raudha aliandika kama alivyosikia. Wengine wote walikuwa kwenye mabano ya mraba, ambayo ndiyo alama ya orodha. Huyu alikuwa mmoja, na mtu mmoja orodha ya nini?

`"Rahimu": ["Rahimu", "Hadija", "Somoe", ...],`
`"Albina": "Albina",`

Chini ya jina la Albina ukatokea mstari mwekundu wenye mawimbi. Raudha aliuona. Ila kompyuta yake ilikuwa na kikagua maneno kilichojua Kiingereza peke yake, na tangu alipoanza kuandika Kiswahili, mstari kama huo ulitokea chini ya kila kitu: chini ya wageni, chini ya masinia, chini ya jina la baba yake mzazi. Mwanzoni alikuwa anaumia moyo. Baadaye aliuzoea, akaacha kuuona, kama mtu wa barabarani anavyozoea vumbi la malori. Alibonyeza programu ikaenda, majina yakashuka kama mvua, akatazama mistari michache ya juu akaridhika. Betri ikalia. Samia akamwita kumpaka hina. Aliyatuma majina yote kwenye simu ya mshereheshaji, akaifunga kompyuta.

"Umeweka wote?" Biasha alimuuliza.

"Wote, mama."

 

Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini bila kasoro. Adhuhuri kosta ya wakwe ikaingia kutoka Mandawa, imejaa vumbi jekundu mpaka vioo havionyeshi. Kina Rahimu waliteremka kwa vigelegele na sare za kitenge cha bluu. Albina aliteremka mwisho. Hakuambiwa habari za sare, kwa hiyo alivaa gauni lake la kanisani, limepigwa pasi likanyooka, na kifuani alikumbatia mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na doti ya kanga mpya. Mama wa bwana harusi ndiye anayemfunika bibi harusi kanga na kumtoa ndani kwa mkono wake. Kabla hajafunikwa, bibi harusi hapandi gari.

Mshereheshaji alikuwa Hemedy, kijana wa Nachingwea mjini aliyejifunza kazi kwa kusikiliza redio za Dar. Alisimama chini ya turubai na kipaza sauti mkono huu na simu mkono ule, akaanza kuita. Mambo yalikwenda vizuri hata Raudha, aliyekuwa amesimama karibu na masufuria, akawa anawatazama wapishi kwa jicho la bosi. Koo ziliitwa, watu walikaa, masinia ya pilau yalishuka mbele yao. Ukoo wa Rahimu peke yake ulimeza majamvi mawili.

"Haya familia, tunasonga," alisema Hemedy. "Sasa tunaingia kwa Albina. Sinia moja, watu sita."

Albina alipiga hatua moja mbele. Kusikia watu sita alishangaa, lakini akadhani ni adabu ya watu wa Nachingwea, kumpa mtu sinia zima.

"Wa kwanza," Hemedy aliendelea, "A."

Akaisogeza simu karibu na macho. Lakini mshereheshaji wa kweli hakiri mbele za watu kwamba amepotea.

"Ndugu A, popote ulipo, sogea upate chakula."

Kisha akainuka Fahadi, jirani wa palepale Naipingo, mtani mkubwa wa watu wa Mandawa. Fahadi hakuwa ameitwa kwenye ukoo wowote, na ule ubwabwa alikuwa anauangalia tangu ukiwa jikoni.

"A ni mimi," alisema, akaenda akaketi.

Watu walicheka. Hemedy alipata nguvu. "Makofi kwa ndugu A. Anafuata L." L akapatikana hapohapo, rafiki yake Fahadi. B alikuwa fundi wa jenereta, aliyesema kwamba hilo ndilo jina lake la kisanii. I alikuja mbio. N alikuwa Kipriani, dereva wa kosta, ambaye njaa ya safari ilimtoa aibu yote. Hemedy alipomaliza kwa kusema "A wa pili," akainuka Teddy, mwanamke wa nyumba ya nyuma, akasema yeye ni mdogo wake A wa kwanza na ndiyo maana majina yamefanana.

"Kumbe Albina kaja na darasa la kwanza zima," alipaza sauti mtu mmoja kutoka kwenye jamvi la Rahimu, na watu wakaangua kicheko. Rahimu mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanzu.

Albina alikuwa bado amesimama palepale, hatua moja mbele ya wengine, anasubiri jina lake. Hemedy akaita ukoo uliofuata. Ndipo mama yule alipoelewa kwamba kwao kumekwisha na yeye hajaitwa. Aliutazama mkoba wake kidogo, akageuka, akatoka nje ya turubai bila kumwangalia mtu.

Raudha aliacha kuwatazama wapishi. Alikuwa ameshaelewa kabla I hajafika kwenye sinia.

 

Chumbani kwa bibi harusi palikuwa hapatoshi. Biasha alikuwepo, Rahimu alisimama mlangoni, Harithi alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake jipya linalombana, na Samia alikaa katikati, amerembwa, hawezi kulia kwa sababu ya wanja.

"Amekwenda kukaa kwenye kosta," alisema Biasha. "Anataka arudishwe Mandawa sasa hivi." Kisha akamgeukia Raudha. "Si ulisema asiyefuata sheria hawezi kupita?"

"Mashine haijakosea, mama. Nimekosea mimi."

"Afadhali ingekosea yenyewe. Ningeitupa chooni yakaisha."

"Jamani, tusikuze mambo," alisema Rahimu. "Huyu ni mlezi tu. Barabara ya kwetu mbaya, giza likitukuta hatufiki. Mke wangu Hadija atamfunika bibi harusi, tuondoke."

Harithi alifungua kinywa, akamtazama baba yake mdogo, aliyekodi kosta na kumshonea koti, akakifunga tena. Samia alimwona. Mke wa tangu asubuhi, na tayari amejua ni wapi mumewe anakwama.

"Baba mdogo," alisema Samia kwa adabu, ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, "mimi naenda kuishi ukuta kwa ukuta na yule mama. Leo nikifunikwa na mwingine, kesho nitamwamkia vipi? Mimi sitoki humu mpaka anifunike aliyemlea mume wangu. Hata giza likiingia."

Rahimu alitazama saa yake. Biasha alimshika Raudha bega, akamsukuma mlangoni.

"Nenda. Na hicho kidude chako uende nacho. Ulimvunja nacho, kamuunge nacho."

 

Albina alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani, anaangalia kioo chenye vumbi kama vile gari linatembea. Raudha alipanda taratibu, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niitie dereva."

"Dereva anakula, mama."

"Anakula wapi?"

Raudha alitamani kudanganya. "Kwenye sinia lako. Yeye ndiye N."

Pembe ya mdomo wa Albina ilicheza kidogo. Akairudisha haraka mahali pake.

"Rahimu ndiye aliyekutuma uniandike vile?"

"Hapana, mama. Hakunituma mtu. Niliandika mwenyewe."

"Nilidhani ni yeye. Basi nieleze, binti. Nimevunjwavunjwa mbele za watu na kisu chenyewe sikukiona."

Raudha alifungua kompyuta juu ya magoti yake. Betri ilikuwa ukingoni. Alimwonyesha zile koo, moja chini ya nyingine, na zile alama za mraba zilizowafunga watu kila upande.

"Hizi alama ni kama kapu," alisema. "Programu inaingiza mkono kwenye kapu inatoa kimoja, inarudi inatoa kingine. Kwa Rahimu imetoa Rahimu, ikamtoa mama Hadija, mpaka mwisho. Wewe ulikuwa mmoja, nikaona kapu la nini, nikakuweka hivihivi. Ilipofika kwako ikaingiza mkono vilevile. Haikukuta kapu, imekuta neno. Na neno nalo ukilitoa kimojakimoja zinatoka herufi. Haikuona ubaya wowote."

"Kwa hiyo wenzangu wana makapu, mimi nimemwagwa chini."

"Ndiyo, mama."

"Na haikuandikwa popote kwamba kila mtu awe na kapu?"

"Imeandikwa. Hapa juu, niliandika mimi." Raudha aliweka kidole kwenye tamko lake, lile alilojivunia. "Lakini ni kama kopo lililoandikwa sukari. Maandishi hayamzuii mtu kutia chumvi."

"Ukaandika sukari, na chumvi ukatia mwenyewe."

"Nikatia mwenyewe."

Akiwa bado anaeleza, alisogeza mshale mpaka kwenye jina la Albina, na juu ya ule mstari mwekundu kikafunguka kijisanduku cha maneno. Hakuwahi kukifungua, maana mistari ilikuwa mingi mno. Alikisoma sasa, akakirudia. Kikagua maneno hakikuhusika hapa. Ilikuwa zana ya kukagua aina, iliyokaa kimya kwenye kurasa nzima ikaja kusema hapa peke yake: palitakiwa orodha ya maneno, pamewekwa neno.

"Nini?" aliuliza Albina.

"Ilikuwa inaniambia, mama. Tangu nilipoandika. Inapiga mstari chini ya kila Kiswahili changu, nikazoea kuupuuza, na huu ndio uliokuwa wa kweli." Aliona aibu kwa ajili ya mama huyu, na zaidi kwa ajili yake mwenyewe, msomi wa nyumba. "Nisamehe. Niliambiwa 'Albina tu,' nikaandika tu."

"Tu," alirudia Albina. "Hiyo naijua. Ningekuwa naipikia ningeshiba." Alilegeza mikono kwenye mkoba. "Hebu nambie tena. Hiyo mashine ilinihesabu watu sita?"

"Sita. Mpaka wapishi waliambiwa wapakue sinia zima."

"Sita." Safari hii alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi yenyewe imeniona. Mimi ndiye niliyekuwa mama yake, nikawa baba yake. Akiugua ndiye bibi wa kumkesha. Akifukuzwa shule ndiye mjomba wa kwenda kuomba radhi. Palizi ikifika mimi ndiye jembe. Siku alipotaka kuoa, kabla hajajitokeza mwenye kosta, mimi ndiye mshenga wa kwanza kuja hapa kwenu kuuliza. Hesabu hao."

Raudha alihesabu, na kweli walikuwa sita.

"Sasa niwekee kapu langu," alisema Albina.

Raudha aliongeza bano moja mbele ya jina na moja nyuma yake. Mstari mwekundu ukatoweka papo hapo.

"Inakubali kapu la mtu mmoja?"

"Inakubali. Hata kapu tupu inakubali."

"Na mwenye kapu anaweza kuongezewa watu?"

"Anaongezewa tu."

Albina alitazama nje, kule kwenye turubai. "Basi mtoe Harithi kule kwa Rahimu, umlete kwangu."

Vidole vya Raudha vilisimama. Kumfuta Harithi kwenye orodha moja na kumwandika kwenye nyingine ni kazi ya mara moja, mtoto anaweza. Lakini bwana harusi kuhamishwa jamvi la ukoo wake mbele ya wakwe, hilo halina kitufe. Rahimu angeweza kunung'unika mpaka Mandawa na zaidi.

"Nitoe," ilisema sauti mlangoni.

Harithi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kosta, koti amelivua, ameliweka begani. Haikujulikana amefika saa ngapi. Hakumtazama Albina usoni, alitazama miguu yake.

"Mama, ulipokuwa umesimama pale, mimi nilikuwa nimekaa," alisema. "Ningeinuka. Sijui kwa nini sikuinuka."

"Ulikuwa na nyama mdomoni," alisema Albina. "Nilikuona."

"Nisamehe, mama."

"Andika, binti. Harithi. Na Samia umwandike pia, maana atakuwa wangu jioni hii." Alifikiri kidogo. "Na hapo pa kufungulia, palipoandikwa Albina. Pakiandikwa kingine itakataa?"

"Haikatai, mama. Hapo ni neno lolote."

"Andika Mama Harithi."

Raudha aliandika. Aliendesha programu, akasoma majina yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho, polepole, kila moja. Kisha akayatuma kwa Hemedy. Kioo kikazimika giza.

 

Hemedy aliposhika tena kipaza sauti, watu walishakula nusu na hawakuwa na hamu ya matangazo. Fahadi na herufi wenzake walikuwa wanaramba vidole. Biasha aliwasimamia kwa mikono kiunoni, nao waliinuka mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule walioitwa. Sinia likaoshwa. Nyama ilikuwa imekwisha jikoni, ila Biasha alikuwa na bakuli lake alilolificha chini ya kitanda tangu alfajiri, kama kila mama mwenye shughuli anavyofanya na kila mama anavyokana. Alilitoa bila kuombwa. Siku hiyo ndiyo Raudha alijua mama yake ameumia kiasi gani.

"Familia, tuna marekebisho," alisema Hemedy. "Kosa la mitambo."

"Kosa langu," Raudha alisema kwa nguvu, akiwa bado karibu na masufuria. "Sio la mitambo."

Hemedy alimtazama, akatazama simu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisoma kimoyomoyo kabla ya kutamka. Sauti yake ya redio ikapungua, ikabaki sauti ya kijana wa Nachingwea.

"Nyumba ya Mama Harithi," aliita. "Mama Albina. Harithi. Samia."

Rahimu aliinua mkono. "Ngoja kwanza. Bwana harusi ni wa ukoo huu. Mlezi atakuwaje na sinia lake mbele ya ukoo?"

Watu wakamgeukia Mzee Amiri, mwenye nyumba, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya kuitikia dua.

"Hapa kwetu, mkwe," alisema Amiri, "anakaa aliyeitwa."

Akarudi kwenye pilau lake. Rahimu alitafuta wa kumuunga mkono, akamkuta mkewe Hadija anakata tonge jingine na hana habari naye.

Albina aliingia na gauni lake la kanisani, Harithi nyuma yake amebeba koti. Alinyoosha moja kwa moja mpaka chumbani kwa bibi harusi, akafungua mkoba, na aliporudi alikuwa amemshika mkono Samia, amefunikwa kanga mpya tangu utosini. Vigelegele vilipigwa mpaka vikamfikia Fahadi aliyekuwa nje ya turubai. "Mimi A nashangilia," alipaza sauti, na watu wakacheka tena, Albina naye akacheka nao.

Walikaa watatu kwenye sinia la watu sita. Raudha aliwaletea maji ya kunawa. Alimmiminia Albina, akammiminia Harithi, akainua kanga kidogo ammiminie dada yake, kisha akageuka na jagi aondoke.

"Na wewe sinia lako lipi?" aliuliza Albina.

Raudha alisimama. Kichwani alimpitia baba yake, mama yake, bibi yake, mashangazi wa Mkotokuyana, wote walikuwa kwenye orodha ya Amiri. Aliipitia tena.

"Sikujiandika, mama."

"Haikukupigia mstari?"

"Hiyo haijui. Inaangalia kama orodha ni orodha. Haijui nani hayumo."

Albina aliweka chini tonge lililokuwa linaelekea mdomoni. Alianza kukunja vidole kimoja kimoja, midomo inacheza, anatamka kwa umakini wa mtu aliyesomea herufi zake chini ya fimbo: R, A, U, D, H, A. Alipofika mwisho alimpiga Harithi goti.

"Mpishe," alisema. "Nao ni sita hawa."